Kakofonia: sikio linapolalamika na mtu anapohukumu

Neno kakofonia limeingia katika Kiswahili kupitia kwa wahakiki wa fasihi na wanamuziki, na sasa limetoka mikononi mwao. Utalikuta kwenye makala za siasa, kwenye hotuba, hata kwenye maoni ya watu kuhusu michoro na mavazi. Asili yake ni Kigiriki: kakos ni baya, phone ni sauti. Kinyume chake ni eufonia, sauti njema. Kisarufi halina matata, tunalitumia kama tunavyotumia simfonia au polifonia: kakofonia hii, kakofonia hizo, kakofonia ya vyombo. Matata yako kwenye maana. Neno hili moja limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana: karaha ya sikio, ambayo inaweza kuelezwa kwa vipimo, na hukumu ya msikilizaji, ambayo hutegemea alivyolelewa, alichozoea, na wakati mwingine anachokiogopa. Kuyachanganya mawili hayo kumewahi kuwatia watu hatarini, kwa hiyo sikubali kwamba suala hili ni la wanaisimu peke yao.

Nianze na kosa jepesi kuliko yote, la kudhani kwamba kakofonia ni sauti kubwa. Sauti kubwa hudhuru sikio, hilo halina ubishi. Wataalamu wa usalama kazini hutumia kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na wengi wao hufuata kanuni kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2. Lakini kanuni hiyo haijali utamu. Kwaya inayoimba vizuri kupindukia, ikiwa karibu mno na sikio, inadhuru sawasawa na mashine ya kukatia vyuma. Tena, sauti ndogo kabisa inaweza kuwa kakofonia tupu. Ukucha ukiburutwa polepole kwenye ubao wa kuandikia, mtu aliye mbali husisimka mwili mzima na kukaza meno. Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani walichapisha jaribio ambalo ndani yake walirekodi sauti ya chuma kikikwaruza bamba la jiwe, kisha wakaichuja. Dhana ya kawaida ilikuwa kwamba kinachokera ni ule wembamba wa juu. Walipouondoa, watu waliendelea kukunja nyuso. Karaha ilikuwa katika sauti za kati, zile zile ambazo sikio la binadamu huzipokea kwa wepesi zaidi.

Aliyefafanua kwa mara ya kwanza kwa undani kwa nini sauti mbili zikikutana zinaweza kukwaruzana ni Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake cha mwaka 1863. Maelezo yake yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana ukiyashika hutalitumia tena neno hili ovyo. Chukua nyuzi mbili za piano zinazotakiwa kutoa noti moja. Wa kwanza unatetemeka mara 440 kwa sekunde, wa pili mara 442. Zipige pamoja. Hutasikia noti mbili, utasikia moja inayopanda na kushuka, uu-wa, uu-wa, mara mbili kila sekunde. Hayo ni mapigo, na fundi wa kulinganisha nyuzi huyasikiliza ili ajue amebakiza kiasi gani. Anakaza uzi kidogo kidogo, mapigo yanazidi kuwa ya taratibu, mpaka yanatoweka. Hapo nyuzi zimepatana.

Sasa afanye kinyume, aziachanishe. Mapigo yanakwenda mbio: manne, nane, kumi na tano. Ikifika mahali uzi mmoja uko 440 na mwingine 466, ambazo ni noti mbili jirani kabisa kwenye piano, mapigo ni kama 26 kwa sekunde, na sikio halina tena uwezo wa kuyafuata moja moja. Linachokipata ni mparuzo. Helmholtz aliona kwamba ukali hufikia kilele mapigo yakiwa kama 33 kwa sekunde. Utafiti uliofuata, hasa ule wa Waholanzi Plomp na Levelt wa mwaka 1965, ulionyesha kwamba kiwango hicho hubadilika kulingana na unene au wembamba wa noti zenyewe, kwa sababu sikio la ndani hugawa sauti katika maeneo, na noti mbili zikiangukia karibu mno katika eneo moja bila kuwa noti ile ile, zinagombania nafasi. Ziachanishe zaidi, ugomvi unakwisha. Noti ya 440 na ya 660 hukaa pamoja kwa amani, na karibu kila fundi wa ala za nyuzi anajua hivyo hata kama hajawahi kusikia jina la Helmholtz.

Mkwaruzo huo umo pia katika sauti ya binadamu, na pale una kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima mayowe ya watu na kukuta kwamba ukubwa wa sauti ndani ya yowe hupanda na kushuka kwa kasi ya kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, eneo ambalo mazungumzo ya kawaida hayalifikii, kwa kuwa mazungumzo huenda taratibu sana. Ving'ora na kengele za hatari nyingi hutumia eneo hilo hilo. Yowe likiwa na mkwaruzo mwingi, ndivyo watu walivyolitaja kuwa la kutisha zaidi, na ndivyo sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari ilivyoamka zaidi. Mwili umeutengea mkwaruzo njia yake. Kiumbe anayepiga yowe hataki kupendeza. Anataka uache ulichokuwa ukifanya.

Hapo ndipo uwezo wa kipimo unapokomea. Wasikilizaji wengi wa muziki wenye asili ya Ulaya wakisikia noti zisizopatana husema zinaudhi, na kwa miaka mingi wataalamu walidhani tabia hiyo tumezaliwa nayo wote. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Josh McDermott ilichapisha matokeo yaliyokusanywa miongoni mwa Watsimane, jamii inayoishi katika misitu ya Bolivia na ambayo haina mazoea makubwa na muziki wa aina hiyo. Walisikilizishwa noti zinazopatana na zisizopatana. Walizitofautisha, masikio yao yalikuwa mazima kabisa, lakini walisema zote zinapendeza kwa kiwango kimoja. Walipopewa sauti zenye mkwaruzo mtupu, ule wa mapigo ya haraka, hawakuzipenda, kama ilivyo kwa watu wengine. Kwangu mimi huo ni ushahidi bora kuliko fasili yoyote ya kamusi. Mkwaruzo ni wa sikio. Kutopatana kwa noti, kule kuhisi kwamba hizi na hizi hazipaswi kukaa pamoja, ni jambo la mazoea.

Na mazoea hubadilika upesi. Tarehe 29 Mei 1913, jijini Paris, baleti ya mtunzi Igor Stravinsky kuhusu ibada za majira ya kuchipua ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, watu walizomea, wakacheka, wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wachezaji jukwaani wakawa hawausikii muziki vizuri. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, katika jiji hilo hilo, muziki ule ule ulipigwa bila wachezaji, na Stravinsky akatoka nje amebebwa mabegani na washangiliaji. Mwaka 1940 sehemu za muziki huo zilitiwa kwenye filamu ya katuni iliyotazamwa na watoto. Mapigo yaliyokuwa ndani ya noti zile mwaka 1913 yalikuwemo pia mwaka 1940. Waliobadilika ni wasikilizaji. Nakiri kwamba sehemu ya fujo ya usiku ule wa kwanza ilichochewa na uchezaji wenyewe, wala si noti peke yake, lakini neno lililobaki midomoni mwa wapinzani wa muziki wa aina hiyo kwa miongo kadhaa ni hili hili la kakofonia.

Kuna tabia nyingine ya kizamani zaidi, ya kuliweka neno hili shingoni mwa lugha za watu. Wagiriki walimwita mgeni barbaros, kwa maelezo yanayokubalika sana kwamba usemi wake masikioni mwao ulikuwa bar-bar tu. Hata leo mtu atakuambia bila haya kwamba lugha fulani ni kali, inakwaruza, na nyingine ni tamu kama wimbo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti ambao ndani yake watu wa lugha mbalimbali walisikiliza rekodi za lugha 228 na kuzipa alama za uzuri. Tofauti kati ya lugha na lugha zilikuwa ndogo mno. Kilichopandisha alama waziwazi ni msikilizaji kuitambua lugha, au kudhani anaitambua. Basi anayesema lugha ya jirani ni kakofonia anatueleza habari zake mwenyewe, kwamba hajaizoea.

Sisemi kwamba lugha haina ukali. Inao, na mwandishi mzuri huuchagua kwa makusudi, na hapa ndipo neno kakofonia lina matumizi yake halali na matamu kuliko yote. Katika uhakiki, kakofonia ni mpangilio wa sauti ngumu unaofanywa ili msomaji ahisi ugumu wa jambo linalosimuliwa. Mafunzo ya fonetiki yenyewe yamezipa konsonanti majina yanayoonyesha zinavyotoka kinywani: kuna vipasuo kama p, t, k, b, d na g, ambapo hewa huzibwa kisha ikaachiliwa kwa mpasuko, na kuna vikwamizo, ambavyo wengine huviita vikwaruzo, kama f, s, sh na kh, ambapo hewa hupenya kwa kusuguana. Upande wa pili wapo kina m, n, l, w na y, wanaotiririka.

Kiswahili kinaleta changamoto ya pekee hapa. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu hulainisha. Mshairi wa lugha inayorundika konsonanti tatu au nne mfululizo hupata ukali bila jasho. Wetu hana rundo hilo, kwa hiyo hutafuta ukali kwa njia ya marudio, na sarufi humsaidia. Ngeli ya ki-vi ni ghala la vipasuo. Sema kwa sauti: kile kigogo kikavu kilikwama, kikakwaruza kingo, kikakatika kacha. Kila neno limeanza na k ile ile, na nyingi ya k hizo zimelazimishwa na upatanisho wa kisarufi, mwandishi amechagua tu nomino iliyoko katika ngeli hiyo. Badilisha nomino, uweke mto au mwale, na k zote za mwanzo wa maneno zinakimbia: mwale wa mwezi ulimulika ule mlima mwema. Tukio linaweza kuwa moja na masikio yakapokea habari mbili. Watoto huligundua jambo hili mapema kupitia vitanza ndimi. Kale kakuku ka kaka kako wapi, wanaulizana, na raha yote iko katika kule kugongana kwa k mpaka ulimi unasalimu amri.

Zipo pia tanakali za sauti, ambazo kwa maoni yangu ni hazina ambayo waandishi wetu wa nathari wanaitumia kwa uchache mno. Mtu huanguka majini chubwi, huanguka mchangani tifu, huanguka matopeni tapwi. Maneno hayo hayakupewa ukali au ulaini kwa bahati nasibu. Mchanga ni laini, ukapewa f inayopuliza. Tope linanasa, likapewa p na w zinazoshikana kama midomo inayobanduka. Aliyeyaunda alikuwa na sikio, na anayeyaacha akaandika “alianguka kwa sauti kubwa” amemnyima msomaji kitu ambacho lugha ilikwisha kumwandalia.

Mhakiki akisema ubeti fulani una kakofonia, basi, anasifu au angalau anaeleza mbinu. Anaweza kukuonyesha herufi kwa kidole. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na mtu anayelitumia neno hili kama rungu.

Rungu hilo lilipigwa waziwazi tarehe 28 Januari 1936, katika gazeti la Pravda, sauti rasmi ya chama tawala cha Umoja wa Kisovyeti. Siku mbili kabla, Stalin, mtawala wa nchi hiyo, alikuwa amehudhuria opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, ya mtunzi Dmitri Shostakovich jijini Moscow. Opera hiyo ilikuwa imeonyeshwa kwa takriban miaka miwili, tangu Januari 1934, na kupokewa vizuri na wengi. Makala ya gazeti, isiyo na jina la mwandishi, ilidai kwamba muziki ule ni mkanganyiko ambao mahali pengine unageuka kuwa kakofonia, kwamba mtunzi akikutana na wimbo unaoeleweka anaukimbia, na ikaonya kwamba mchezo wa namna hiyo unaweza kuishia pabaya sana. Angalia neno lilivyofanya kazi. Linasikika kama malalamiko ya sikio, kana kwamba mwandishi ameumizwa na noti. Kilichofuata hakikuwa cha masikio hata kidogo. Opera ikaondolewa majukwaani. Desemba mwaka huo huo, Simfonia ya Nne ya Shostakovich ikasitishwa wakati mazoezi yanaendelea, isisikike hadharani mpaka tarehe 30 Desemba 1961. Jina la Vsevolod Meyerhold, mwongozaji wa tamthilia, lilitajwa katika makala ile kama mfano wa ubaya. Mwaka 1939 alikamatwa, na Februari 1940 akapigwa risasi. Siwezi kusema makala moja ndiyo iliyomuua, lakini huwezi pia kuisoma bila kukumbuka yaliyompata.

Mwezi Februari 1948 Kamati Kuu ya chama ilitoa azimio dhidi ya watunzi, wakiwemo Shostakovich, Prokofiev na Khachaturian, na neno kakofonia likarudi tena, safari hii katika hati rasmi ya chama. Hakuna aliyepima mapigo kwa sekunde. Neno lilikuwa limeshakuwa kibali cha kunyamazisha.

Hatuhitaji utawala wa aina ile ili kuyaona matumizi hayo. Yanajitokeza mahali popote penye mkubwa na wadogo: mkutanoni, darasani, nyumbani. Ukiyaita maneno ya mtu hoja, umejifunga kuyajibu. Ukiyaita kelele, au kwa lugha ya wasomi kakofonia, umejipa ruhusa ya kuyazima. Kiswahili kina methali mbili zinazosaidia hila hii kupita bila kuulizwa. Debe tupu haliachi kuvuma, tunasema, na mara moja anayesema sana anaonekana hana kitu ndani. Na ile ya kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Inatolewa kila mara na upande wa ng'ombe. Sijasikia mtu akiuliza chura alikuwa anasema nini, na chura ndiye anayeishi humo majini, ndiye atakayebaki na matope ng'ombe akishashiba na kuondoka. Lugha hiyo hiyo, kwa haki, imetuachia pia lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini hii hutajwa baadaye, mambo yakishaharibika.

Ndiyo maana nang'ang'ania majina sahihi. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya sauti, na mengi yake hayahukumu. Kitenzi lia kinamtosha mtoto, ndege, kengele na risasi, nacho kinasema tu kwamba sauti imetoka. Tuna mlio, kishindo, mngurumo, mkoromo, mvumo na mkwaruzo kwa vitu. Tuna mayowe, ukemi na unyende kwa watu walio katika hofu au wanaoita msaada, na kuyaita hayo kelele tu ni ukatili. Tuna zogo, ghasia na vurumai kwa mkusanyiko uliokosa utaratibu. Kila neno katika haya linaelekeza kwenye kitu ambacho msikilizaji mwingine anaweza kukithibitisha. Kakofonia ibaki kwa pale tunapoweza kuonyesha sauti zinazogongana: vyombo viwili vilivyolinganishwa tofauti, honi tatu kwa pamoja, ubeti uliojazwa vipasuo kwa makusudi.

Watu kumi wakisema kwa wakati mmoja ukumbini, sikio kweli linashindwa, na hakuna ubaya kusema hivyo. Lakini mwenyekiti anayejua anachokisema ataliita zogo, atapanga zamu, na kila mmoja wa wale kumi atasimama na kusema lake. Mwenyekiti anayesema “hii ni kakofonia” na kufunga kikao ameondoka bila kujua hata mmoja wao alitaka nini. Huyo aulizwe, kwa heshima na mbele ya wote, ni sauti ipi hasa iliyomkwaruza, na ilikuwa inasema nini.